Chumba cha chini chenye siling fupi: usikimbilie taa kubwa

Kazi yangu ni umeme wa majumbani, na hizi nyumba za mteremkoni hapa Lindi, hata kule Mikindani, mwenye nyumba akishanyanyua msingi anaona kuna nafasi chini anaifanya chumba, ila slabu inakuja chini mno, mtu mrefu akinyoosha mkono anaishika. Kidirisha kimoja upande wa bondeni, upande wa mlimani ni udongo mtupu. Halafu ananiita, fundi chumba kina giza, nifungie taa ya wati 40 pale katikati. Hapo ndo huwa nabisha.

Taa moja kali kwenye siling fupi inakupiga machoni maana iko karibu na uso, na kona zinabaki nyeusi, sasa kona zikiwa nyeusi chumba kinazidi kuonekana kidogo. Mwanga ule ule ugawe. Chumba cha mita 4 kwa 5 mimi nafunga taa nne za LED za wati 9 mpaka 12, zile bapa za kubandika zenye kava la rangi ya maziwa, naziweka nusu mita hivi au zaidi kidogo kutoka ukutani ili mwanga umwagike ukutani. Ukuta ukipata mwanga chumba kinafunguka, kweli kabisa. Na rangi iwe nyeupe isiyong'aa, juu na pembeni, ya kung'aa inarudisha taa machoni.

Jipsam achana nayo, itakula sentimita kumi au zaidi na hapo huna hata moja ya kupoteza. Kama waya umetokea katikati ya slabu pitisha trankingi nyembamba, ule mfereji wa plastiki wa kufichia waya, mpaka kwenye kila taa, usikubali mtu achimbe zege kufukia bomba, nondo ziko karibu tu pale na hewa yetu ya bahari ikizifikia zinaanza kula kutu. Pangaboi pia hapana, ni hatari kwa mikono na taa ikiwa juu ya mapanga yake mwanga unacheza cheza mpaka kichwa kinauma. Feni ya ukutani inatosha.

Rangi ya mwanga watu wengi wanataka ile nyeupe kali ya 6500K (hiyo K ndo kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikishuka mwanga unaelekea njano), mi nasema chumba kisichoona jua ukikiwekea hiyo kinakuwa baridi kama wodi. Pa kukaa weka 3000K, pa kufanyia kazi 4000K, na usichanganye kwenye chumba kimoja. Angalia na CRI kwenye boksi, yaani kipimo cha taa inavyoonyesha rangi za vitu zilivyo, mwisho wake 100. Kuna mama anashona nguo kwenye chumba cha hivi, aliniwekea uzi mweusi na wa bluu ya giza mkononi akaniambia, "Haya baba, nionyeshe mweusi upi." Chini ya taa yake ya zamani sikuweza. Tulifunga ya CRI 90 pembeni ya cherehani, upande wa kushoto ili mkono wake wa kulia usitie kivuli kwenye sindano, na uzi ukatofautiana pale pale.

Ukuta unaopakana na udongo unatoa jasho hasa mvua zikikolea, kwa hiyo taa za ukutani zifungwe kwenye kuta za ndani, na ikibidi kabisa zifungwe huko basi chukua za IP65, yaani zisizoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, mwili wa plastiki sio bati. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, usirukwe, na kwenye mensuichi uwepo RCD inayokata umeme ukivuja, kwenye unyevu hilo sio la kubembelezana.

Swichi ya ngazi ifungwe tuwei, moja juu moja chini. Na taa moja kati ya zile nne iwe ya kuchaji inayowaka yenyewe umeme ukikatika, ifungwe karibu na ngazi, kwa sababu huko chini hata saa saba mchana umeme ukienda huoni hata pa kukanyaga, na watoto ndo wanaoshuka shuka kila saa.