Nywele za bibi

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: ukimweka Cleopatra kando, malkia yupi wa Misri ya kale anastahili kuzungumziwa zaidi? Mimi nasema Tiye, mke wa Amenhotep III, na naanzia kwa wakwe.

Farao huyo alishika utawala mnamo 1390 hivi kabla ya Kristo. Alichongesha vijiwe vingi vyenye umbo la dundu, yule mdudu anayeviringisha mavi, akavisambaza. Mgongoni ni dundu. Tumboni kuna maandishi yanayomtaja Tiye, kisha yanaeleza kwamba baba yake anaitwa Yuya na mama yake Tuya. Yuya alikuwa mtu wa Akhmim, msimamizi wa farasi, wala hakuzaliwa na mfalme. Farao angeweza kulinyamazia hilo. Badala yake wakwe wakatajwa kwa majina kama kwenye kadi ya harusi, na mwishoni ikaongezwa mipaka ya himaya ya mume, kusini hadi kaskazini. Mimi hapo nasoma onyo: asije mtu akamdharau.

Wakwe hao walizikwa Bonde la Wafalme. Kaburi lao lilipogunduliwa 1905, mlikutwa kiti cha Sitamun, binti wa Tiye. Mjukuu aliwaachia babu na bibi yake kiti chake! (Huyo Sitamun aliishia kuwa mke wa baba yake mzazi. Tupite.)

Tiye alipofiwa na mume hakuwekwa pembeni. Tushratta, mfalme wa Mitanni, ufalme wa kaskazini mwa Shamu, alimwandikia yeye mwenyewe kwenye kibao cha udongo, akinung'unika kwamba marehemu alimwahidi sanamu za dhahabu tupu, lakini mwana wa Tiye, Akhenaten, aliyerithi ufalme, kamletea za mti zilizovikwa dhahabu. Alimkumbusha Tiye kuwa ndiye anayeyajua yote ambayo yeye Tushratta na marehemu waliyazungumza. Mtu hupeleka lawama kwa yule anayejua atasikilizwa.

Lakini kinachonishika zaidi ni nywele. Katika kaburi la Tutankhamun, farao aliyekufa angali kijana, lililogunduliwa 1922, kulikuwa na vijeneza vidogo, kimoja ndani ya kingine. Cha ndani kabisa kimeandikwa jina la Tiye, na ndani yake mna nywele zilizosukwa. Sasa, tangu 1898 kulikuwa na maiti ya mwanamke asiyejulikana jina, iliyokutwa katika kaburi la Amenhotep II, nywele zake ndefu zingali kichwani. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa 2010 vikaonyesha kuwa ni mtoto wa Yuya na Tuya: Tiye mwenyewe. Vipimo hivyohivyo vikaonyesha kuwa baba na mama wa Tutankhamun walikuwa ndugu, wote wawili watoto wa Tiye. Kwa hiyo kijana yule alizikwa na nywele za bibi mzaa baba na bibi mzaa mama, kutoka kichwa kimoja.