Moa: aliyeatamia mayai ni dume

Je, kwa kuwa jike wa moa, ndege asiyeruka ambaye sasa ametoweka, alikuwa mkubwa kuliko dume, ndiye aliyeatamia mayai? Hapana, ukubwa wa jike hauthibitishi hilo. Kwa moa wa New Zealand ushahidi unaelekea kwa dume: mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vilivyotolewa kwenye maganda ya mayai ya kale, na vile vya upande wa nje vilikuwa vya dume, dalili kwamba ndiye aliyeyakalia. Inaingia akilini. Jike wa moa mkubwa aliweza kupita kilo 200, dume hakufika hata nusu ya hapo, na ganda la yai lilikuwa na unene wa milimita 1.4 hivi tu. Hata dume ilibidi akae kwa uangalifu mno!

Na kiota hakikuwa shimo la mchanga siku zote. Otago, eneo la kusini mwa New Zealand, chini ya miamba iliyojiinamia, kumepatikana viota vya vijiti ambavyo moa wenyewe walivikata kwa mdomo.

Ila usiipeleke hoja hii ya uzito na ganda jembamba moja kwa moja kwa ndege-tembo wa Madagaska, ndege mwingine mkubwa aliyetoweka. Ganda la yai lake lilikuwa nene zaidi ya mara mbili ya lile la moa.