Siku moja London na watoto wa miaka 4, 8 na 12

Dada, nauli kwanza, maana hapo ndipo pesa hupotea. Wa 4 na wa 8 hawalipi treni ya chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima anayelipa (watoto wanne wa chini ya miaka 11 kwa kila mtu mzima). Usiwagusishe kadi kwenye kisomaji cha getini, pita nao kwenye geti pana. Wa 12 ndiye wa kuangalia: akigusisha kadi ya benki anakatwa nauli ya mtu mzima. Mnunulie Oyster (kadi ya nauli ya London inayojazwa pesa), kisha mwombe mhudumu wa stesheni aiwekee punguzo la wageni vijana, nusu nauli kwa hadi siku 14. Kadi moja haiwezi kulipia wawili.

Asubuhi nendeni Natural History Museum, makumbusho ya historia asilia, kiingilio bure. Weka nafasi mtandaoni na fikeni mlango ukifunguliwa, hasa wakati wa likizo za shule. Ukumbini ananing'inia nyangumi wa buluu, mifupa mitupu ya mita 25. Science Museum iko jirani, nayo bure. Msijaribu zote kikamilifu, mdogo atalia saa nane mchana.

Kigari cha mtoto? Pandeni basi. Vituo vingi vya treni havina lifti.

Jioni, stesheni ya Paddington, jukwaa la 1, kuna sanamu ya Paddington, dubu wa hadithi za mwandishi Michael Bond. Kitabu cha kwanza cha dubu huyo ni cha 1958. Wasomee kabla ya safari, la sivyo wataona shaba tu.

Kama baba hasafiri, beba vyeti vya kuzaliwa na barua yake ya ridhaa, mkononi, si kwenye begi la mizigo.