Take Five ni ya Paul Desmond
Kama unadhani Take Five, ile kazi ya muziki wa jazz, ilitungwa na mpiga piano Dave Brubeck, hapana, Brubeck hakuitunga, ni ya Paul Desmond, yule mpiga saksafoni wa bendi yake, we soma jina la mtunzi kwenye santuri ya Time Out ya 1959 utaliona. Ila Brubeck ndo alikuwa kiongozi na piano ni yake, kwa hiyo mchango anao mkubwa. Kinachofanya isichuje mpaka leo ni ule mdundo wa kuhesabu tano badala ya nne, piano inazunguka palepale huku Joe Morello anazichapa ngoma juu yake, ukiisikia mara moja imeshakunasa. Desmond alipofariki 1977 mirabaha yake aliwaachia Msalaba Mwekundu wa Marekani, yani kila ikipigwa kuna mtu anasaidika.