Mkuu, usikubali fundi avuke kijani

Mkuu, simamisha hiyo kazi kwanza. Huyo fundi wa Jumamosi mpigie sasa hivi, mwambie asubiri. Umeuliza bei, mwezi mzuri wa kukata na kama ununue mashine yako mwenyewe, lakini kilichonishtua ni hapo uliposema fensi yako ya miti ya saiprasi imenenepa mpaka inakula njia ya gari, na fundi ameahidi kuikata irudi "hadi kwenye mti, baada ya miezi miwili itachipua". Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Ilboru, Arusha, Februari 2019. Haikuchipua kamwe.

Saiprasi si mchongoma. Mchongoma hata ukiupiga panga mpaka kisiki, mvua ikinyesha unarudi na miiba yake yote. Bogenvilia hivyohivyo. Saiprasi haichipui kwenye tawi kuukuu lisilo na majani. Nenda sasa hivi ukaifunue fensi yako kwa mkono: kijani ni ganda tu la nje, ndani kote ni vijiti vya kahawia. Ukishalitoa hilo ganda, vijiti vitabaki vijiti.

Yangu ilikuwa hatua 40, aliipanda marehemu baba mkwe. Fundi alikuja asubuhi na vijana wawili na mapanga yamenolewa, nikawaachia kazi nikaenda mjini. Narudi saa kumi jioni, upande wote wa barabarani ni kahawia tupu. Unaona mpaka sebuleni. Nikauliza, nikajibiwa, "Subiri masika, bosi." Masika yakaja yakapita, vuli ikaja ikapita. Nimemwagilia, nimebeba samadi ndoo kwa ndoo. Mke wangu akawa anaanika kanga chumbani kwa sababu bodaboda wote walikuwa wanaangalia kamba yetu ya nguo. Kila asubuhi nachungulia vile vijiti natafuta hata jani moja.

Nilipombana fundi, akasema ni wadudu. Vidukari vya saiprasi vipo kweli, viliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1980 baada ya kuonekana Malawi, na vilikausha miti mingi. Lakini tangu lini kidukari kikakausha upande mmoja, mstari umenyooka kama rula, halafu upande wa pili kikauacha unang'aa? Angesema tu "bosi, mti huu siujui" ningemheshimu. Mtu anakula kwa kukata fensi za watu, na hajawahi kurudi hata siku moja kuangalia alichokikata kimekuwaje! Na yule muuza miche aliyenipa namba yake alimsifia kuwa ni fundi wa Wazungu. Ningeomba anionyeshe hizo fensi za Wazungu ningeokoa hela yangu. Mimi ningejuaje? Msinicheke, wengi wenu humu hamjui pia.

Kumlipa ilikuwa 70,000. Kung'oa visiki na kuzungushia mabati upande ule ilinitoka milioni moja na laki nane.

Kwa hiyo shika hili moja: makali yasivuke kijani. Popote anapokata, panapobaki pawe na majani. Kabla hujatoa hata senti, mwambie akate hatua moja tu na wewe umesimama pale. Ukiona kahawia, kazi imeishia hapo, mpe nauli aende. Avute kamba, atumie mkasi mrefu wa fensi, panga aliache kwao. Akate kidogokidogo, arudi tena baada ya miezi kadhaa, na chini paachwe papana kuliko juu ili jua lifike. Ukikuta ganda lote la kijani limeshaingia njiani, hakuna fundi wa kukurudishia nyuma. Hapo ama unasogeza njia, ama unang'oa na kupanda upya kwa hiari yako, si kwa kushtukizwa kama mimi.

Kabla ya Jumamosi funua majani, piga picha ya ndani, uiweke hapa tuone kijani chako kina unene gani.