Barua kwa mwanangu: maharage umeruhusiwa, miparachichi umekatazwa

Binti yangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata. Unauliza kwa nini baba mkubwa anakuacha ulime maharage kwenye kipande ulichoahidiwa na baba yako, lakini ulipotaja miparachichi akaja juu.

Maharage yanang'olewa baada ya miezi mitatu. Mti unabaki, na huku Uchaggani aliyepanda mti ndiye mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, sawa na aliyechomeka mimea ya masale mpakani. Ndiyo maana kahawa ilikuwa ya wanaume, sisi wanawake tukaachiwa ndizi, magimbi na maziwa. Tazama mringaringa ule wa nyuma ya zizi: majani yake naokota mimi, matandazo ya kahawa nayatandaza mimi, lakini siku ya kupasua mbao hakuna anayeniuliza. Baba mkubwa wako si mchoyo. Anajua vizuri anachokukatalia.

Mila yenyewe siidharau. Kihamba kisichouzwa ovyo ndicho kilichotuachia miti na mfongo, mfereji wetu wa maji, mpaka leo. Ila mila hiyo inamtazama mtoto wa kiume wa kwanza na yule wa mwisho, wewe haikuoni, na hapo sheria inaikataa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Hata kabla yake, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya aliamua kule Mwanza kwamba Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alikuwa na haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kama mwanamume yeyote.

Lakini usimwendee baba mkubwa na vifungu, atanuna na wazee wote watanuna naye. Baba yako yu hai, bahati ni hiyo. Aitishe kikao cha ukoo, atamke mwenyewe, muhtasari uandikwe na kaka zako watie saini. Ndipo uende halmashauri ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, kwa jina lako, si la mumeo. Wakigoma, lipo baraza la ardhi la kijiji la kusuluhisha: wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake.

Miche usinunue kwanza. Kikao kiwe Desemba, wote wakisharudi nyumbani, wewe utapanda masika. Pombe ya mbege ya kikao nitapika mimi.

Mama yako