Jibu: kundi la WhatsApp la darasa limekuwa kimya

Mwalimu, unasema ukiuliza swali kwenye kundi la darasa hakuna anayejibu. Wanafunzi 180 kwenye kundi moja hawatajibu. Wengi wanaogopa kukosea mbele ya wote. Kundi kubwa libaki la matangazo, admini peke yao waandike. Mijadala ipeleke kwenye vikundi vya watu 8 hadi 10. Na kura za WhatsApp zinaonyesha nani kachagua nini, kwa hiyo wenye aibu humfuata anayejulikana ana akili. Kwa maswali ya kuchagua tumia kwiz ya Telegram isiyoonyesha majina.

Swali liwadai kitu ambacho hakipo gugo. Kwa mfano, kwenye somo la takwimu, kila mmoja atume picha na bei ya sado (kopo la kupimia sokoni) ya dagaa kwenye soko la Mwanza lililo karibu naye: Kirumba, Igoma, Buhongwa, Nyegezi. Sado ya huyu imerundikwa, ya yule imesawazishwa kwa kijiti juu, basi wastani wa bei hauwi sahihi; hapo ndipo somo lenyewe lilipo! Fungua kipindi kwa picha zao.

Video acha, zinamaliza bando. Sauti ya dakika 2 inatosha. Asiye na simujanja aandike jibu kwenye karatasi, maksi zilezile.